Kiingereza cha Vibaoni: Kosa ni la Nani?

Msomaji ukitaka kujua hali ya Kiingereza chetu sisi watu wa ng'ambo, usianzie skuli. Anzia barabarani. Shuka feri upande wa Likoni, panda taratibu, na usome vibao vya maduka kushoto na kulia. Kisha rudi kisiwani, vuka daraja la Nyali mpaka Kongowea na Kisauni, ama shika njia ya Makupa uingie Changamwe hadi Magongo. Kibao kimoja kitakwambia "Resturant". Cha pili "Stationary", nao wanauza madaftari na kalamu. Cha tatu "Accomodation" yenye m moja. Penye cheche za moto na vijana waliovaa miwani ya giza, utakuta "Wielding" imeandikwa kwa rangi nyekundu iliyokolea. Na wanawake wetu, na mabuibui yao, wanaingia kusuka nywele na kutiwa hina mahali palipoandikwa "Saloon", neno ambalo huko Marekani ya zamani lilikuwa jina la kilabu cha pombe.

Siku hizi watu huvipiga picha vibao hivi wakavirusha kwenye simu, na mji mzima ukacheka. Mimi nilisomesha Kiingereza miaka mingi katika skuli za ng'ambo kabla ya kustaafu, na kicheko hicho sikipendi. Si kwamba nawahurumia wenye maduka, kwani wao wanauza kama kawaida. Sikipendi kwa sababu wanaocheka hawajui wanacheka nini.

Hebu tazama kibao kilicho jirani na hicho cha "Wielding". Kimeandikwa: "Tunaziba pancha." Mbele kidogo: "Kinyozi." Mbele tena: "Chakula tayari." Hakuna herufi iliyokosewa. Mara nyingi mwandishi ni fundi yule yule, brashi ni hiyo hiyo na kopo la rangi ni hilo hilo. Basi ule ujinga tuliouona kwenye kibao cha Kiingereza umekwenda wapi alipoandika Kiswahili? Hata neno pancha lenyewe ni la Kiingereza. Tumelichukua, tukalivua nguo zao, tukalivika zetu, na sasa hata mtoto wa darasa la kwanza hulipatia.

Jawabu ni kwamba fundi huyu anaandika kwa sikio. Ameambiwa tangu utotoni kuwa herufi ni picha ya sauti, na katika Kiswahili hakudanganywa. Tuna irabu tano na herufi tano za irabu, na kila moja ina kazi yake, haingilii ya mwenzake. Maendelezo yetu ya herufi za Kilatini ni mapya. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana hapa hapa Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mkutano, Unguja ikaondoka na ushindi, na wazee wa Kimvita hawakulisahau hilo. Walikuwa na haki ya kunung'unika. Weka kiganja mbele ya mdomo useme paa, yule mnyama wa mwituni, kisha useme paa la nyumba. Mtu wa Mombasa asilia atasikia pumzi ikimpiga kiganjani katika neno la kwanza, na katika la pili haisikiki. Kitabuni yote mawili huandikwa sawasawa. Hata hivyo mambo yenyewe ni machache. Anayeandika Kiswahili kama anavyokisikia hatakwenda kombo.

Mtu huyo huyo mpe Kiingereza. Waingereza wana sauti za irabu zipatazo ishirini, na herufi za kuzibeba ni zile zile tano. Ni kama familia ya watu ishirini katika nyumba ya vyumba vitano: lazima walale kwa zamu, na wewe mgeni ukibisha hodi hujui nani atakufungulia. Herufi a ina sauti moja katika "hat", nyingine katika "hate", nyingine katika "hall", nyingine katika "about". Isitoshe, majina ya herufi zao yanamchanganya mtoto wetu tangu siku ya kwanza. Herufi yao e wanaiita "i". Herufi yao i wanaiita "ai". Herufi yao a wanaiita "ei". Mtoto aliyekwisha kuziimba a, e, i, o, u za Kiswahili huingia chumba cha pili akaambiwa majina yamehama. Ndipo anapoandika "vegitables". Amesikia i, ameandika i, na hana alichokosa isipokuwa kuamini masikio yake.

Haya yaliwafikaje Waingereza? Zamani na wao waliandika kwa sikio, kila mtu kwa lahaja ya kwao. Mwaka 1476 mtu aliyeitwa William Caxton alifungua mtambo wa kupiga chapa Westminster, na kuanzia hapo vitabu vikaanza kuyagandisha maendelezo. Bahati mbaya ni kwamba yaligandishwa wakati lugha yenyewe iko safarini. Irabu zao ndefu zilikuwa zinahama, jambo lililochukua karne kadhaa, na kalamu haikuzifuata. Konsonanti nazo zilikuwa zinakufa. Ile k ya "knee", yaani goti, na ya "knife", yaani kisu, ilikuwa ikitamkwa kweli. Ile gh iliyo katikati ya "night", usiku, ilikuwa na sauti iliyokaribiana na kha yetu ya kheri. Ndiyo, msomaji, Mwingereza wa zamani alikuwa na kha! Aliiacha mwenyewe, lakini kaburi lake liko mpaka leo katikati ya neno, na mtoto wa Mtongwe hupigwa alama ya mkasi akisahau kulizuru.

Nyingine ni herufi zisizowahi kutamkwa hata siku moja. Caxton alikuwa ameishi na kufanya kazi katika nchi ya Flanders, na yeye na wapanga chapa wake walizoea maendelezo ya huko. Inaaminiwa kuwa ile h ya "ghost", mzuka, iliingia kwa njia hiyo. Halafu katika karne ya 16 wakaja wasomi waliokienzi Kilatini. Waliliona neno "dette", deni, walilolipata kwa Wafaransa, wakasema asili yake ni "debitum" ya Kilatini, basi wakalitia b. Hakuna Mwingereza aliyeitamka b hiyo, wala hakuna anayeitamka leo. Ni mapambo tu. Katika "receipt", stakabadhi, wakatia p kwa sababu hiyo hiyo, lakini katika "receive", kupokea, wakasahau kuitia, ingawa maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Kali kuliko zote ni "island". Neno hili la kisiwa ni la Kiingereza chenyewe cha kale na halikuwa na s. Wasomi walidhani ni jamaa wa neno la Kifaransa linalotokana na Kilatini, wakachomeka s. Walikosea. Sasa kila mtu wa ng'ambo anayeandika kwamba kila siku huvuka kwenda kazini "Mombasa Island" analirudia kosa la watu wengine, na asipolirudia huambiwa yeye ndiye aliyekosa.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliyakuta mambo yamekwisha kukauka hivyo, akayaacha. Noah Webster wa Marekani, katika kamusi yake ya mwaka 1828, alijaribu kupunguza mzigo kidogo: akaitoa u ya "colour", na "plough" ya kulimia akaiandika kwa herufi nne tu. Mtunzi mashuhuri George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, alichukizwa na mambo haya hata akaacha wasia kwamba sehemu ya mali yake itumike kutafuta alfabeti mpya ya Kiingereza. Alfabeti ikapatikana, mchezo wake mmoja ukapigwa chapa kwa herufi hizo mwaka 1962, na hapo ndipo mambo yalipoishia.

Basi hata wenyewe hukosea, tena kila siku. Lakini hapa pana jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kusahihisha madaftari sikulisikia likisemwa katika mkutano wowote wa walimu. Makosa ya Mwingereza na makosa ya mtu wa Likoni si ya namna moja. Mwingereza huzimeza irabu zake. Akisema "separate" au "definite", ile irabu ya kati haisikiki kuwa ni a wala e wala i. Ni mguno tu. Kwa hiyo akija kuandika hubahatisha, akapata "seperate" na "definately". Sisi hatumezi. Kiswahili hukipa kila silabi haki yake, kama muuza nazi wa Kongowea anavyozihesabu moja moja mbele ya mnunuzi. Sisi tatizo letu ni kwamba tuna mlango mmoja ambapo wao wana miwili. Kwetu i ni i. Kwao kuna i fupi na i ndefu, na ukizichanganya maana hugeuka: "fill" ni kujaza, "feel" ni kuhisi, "live" ni kuishi, "leave" ni kuondoka.

Yapo makosa machache ambayo sisi na Waingereza tunakutana njiani, kila mtu katokea kwake. Neno "calendar" wao huliandika "calender" kwa sababu wameimeza irabu ya mwisho. Sisi huliandika hivyo hivyo kwa sababu tumejifunza kuwa a yetu ya mwishoni mara nyingi kwao ni "er": dereva ni "driver", mita ni "meter", kompyuta ni "computer". Mtoto anayefikiri hivyo ameunda kanuni mwenyewe bila ya kufundishwa, na kwa maneno mengi kanuni yake inafanya kazi. Mimi nikisahihisha nilikuwa nampigia mstari kwa sababu sheria ndivyo isemavyo, lakini moyoni nilikuwa nampa alama.

Nadhani "Wielding" ya mafundi wa Changamwe nayo ina akili yake. Kiingereza cha kuunganisha chuma ni "welding". Fundi wa kibao anakumbuka kwamba yako maneno ya namna hii yenye i na e zilizoongozana: "field", uwanja, na "shield", ngao. Anaona ni salama kuweka zote mbili. Bahati mbaya neno analolipata ni la kushika silaha, upanga au mkuki, kwa hiyo mwenye karakana anawatangazia wateja kwamba humo ndani watu wanachezesha panga. Sijasikia mteja aliyekimbia.

Ama "Stationary", huyo nitamtetea hadharani. Walimu tunafundisha kuwa yenye a ni kitu kilichosimama mahali pamoja, na yenye e ni makaratasi na kalamu. Ni kweli. Lakini ukifuata nasaba ya maneno haya, ni mzizi mmoja. Katika Kilatini cha zama za kati "stationarius" alikuwa muuzaji mwenye duka lililokaa mahali pake, tofauti na mchuuzi azungukaye, na hasa lilikuja kuwa jina la wauza vitabu. Kutoka kwa mwenye duka jina likahamia kwenye bidhaa zake. Kwa hiyo yule kijana wa Bombolulu aliyeandika a amerejea kwenye asili. Hakukusudia, lakini amerejea.

Sasa niseme lililonifanya niandike makala haya. Mtaani kwetu yuko mama mmoja aliyehamia kutoka Likoni. Mwanawe wa kiume amesoma chuoni tangu ana miaka mitano, amehifadhi juzuu kumi na tano, na akisoma tajwidi barazani watu huacha kahawa zao. Skuli alipita, si kwa alama za kujivunia. Kijana aliandika barua ya kuomba kazi ya ukarani katika kampuni moja, sitaitaja, na kampuni ikamrudishia barua yake ikiwa imezungushiwa duara nyekundu kila mahali. Pembeni mtu ameandika neno moja la kumcheka. Kosa la kwanza lilikuwa mstari wa kwanza. Kijana alitaka kusema kuwa anaishi Likoni na wazazi wake, akaandika "I leave in Likoni". Mtu wa ofisini alipomwona mlangoni alimuuliza, mbele ya wenzake, ataondoka lini.

Mama alinijia na karatasi ile mkononi. Hakukaa. "Maalim," akasema, "wewe umesomesha. Niambie ukweli wala usinifiche. Mwanangu hana akili?"

Nilimwomba akae kwanza. Nikamwambia: "Bibi, mwanao ana masikio mazuri kuliko yule aliyeandika kwa wino mwekundu. Ila amefundishwa kuyatumia masikio mahali panapotaka macho."

Akaniambia hakuelewa. Basi nikamwita kijana, nikamuuliza habari za chuoni. Nilimuuliza: neno "shamsi" ukilitia alif na lam mbele, ile lam unaisoma? Akacheka. "Hapana, Maalim. Huandikwa, haisomwi." Na ile alif inayofuata wau ya wengi mwishoni mwa kitendo? "Huandikwa, haisomwi." Na neno la sala katika Msahafu? Akasema huandikwa kwa wau, na husomwa kwa alif. Na alif ya "ismi" katika Bismillahi? Akasema hapo haiandikwi, lakini mwanzoni mwa Suratul Alaq, penye neno lile lile, imeandikwa. Yote haya aliyajibu haraka kuliko ninavyoyaandika. Mamake akawa ananitazama.

Simlinganishi Kitabu kitukufu na vitabu vya watu, na sababu ni mbali kabisa. Maandishi ya Msahafu yamehifadhiwa kwa heshima, namna yalivyoandikwa tangu zama za Sayyidna Uthman, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Ya Waingereza yaliganda kwa ajali na ubishi wa wapiga chapa. Ninachosema ni kuhusu mtoto. Mtoto wetu si mgeni wa herufi isiyosomwa. Anazijua kwa makumi kabla hajaota meno ya utu uzima. Alizijuaje? Maalim wa chuo aliweka kijiti juu ya kila moja, akaitaja jina, akamfanya airudie mpaka jicho likaizoea. Hakumwambia "andika unavyosikia". Alimwambia "hii ipo, ione, na uipite". Skuli hakuna aliyemwekea kijiti juu ya b ya "debt". Aliambiwa neno kwa mdomo, akaambiwa aliandike, akachapwa.

Tena, shada aliijua. Chuoni herufi yenye shada husomwa mara mbili, na asiyeikaza hurudishwa nyuma. Kiingereza kina herufi pacha tele, lakini pacha zao aghalabu hazikazwi. Kazi yao kubwa ni kuifupisha irabu iliyotangulia. "Dinner" yenye n mbili ni chakula cha usiku, "diner" yenye moja ni mlaji. Kijana wetu alisikiliza shada katika "accommodation", hakuisikia, akaandika m moja. Mtu aliyelelewa kwa shada atafanya nini zaidi?

Na wazee wetu je? Kabla ya herufi za Kilatini, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo zilikuwa hazikutoshei. Hapakuwa na e wala o, wala alama ya p. Herufi be peke yake ilibeba b, p na mb. Pata, bata na mbata, kule kupata, yule ndege na nazi kavu, yaliweza kuandikwa namna moja. Msomaji alitakiwa alijue neno kwanza ndipo alisome. Barua za biashara ziliandikwa hivyo, na tenzi, na mawaidha, na hakuna aliyemwita babu yake mbumbumbu. Wenye elimu waliiona kasoro na wakaishughulikia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza alama za kutenganisha sauti hizo. Kiingereza kinataka kusomwa kwa ile desturi ya zamani: lijue neno, uone umbo lake zima, ndipo uliandike. Desturi hiyo tulikuwa nayo. Tuliitupa tulipopata alfabeti nyepesi, na haikuwa vibaya kuitupa, ila tungalikumbuka ilikuwaje tungaliwasomesha watoto wetu Kiingereza vingine.

Skuli zetu zilifanya kinyume. Wasomaji wengi wa umri wangu watakumbuka kipande cha ubao kilichokuwa kikivikwa shingoni mwa mtoto aliyesema Kiswahili katika uwanja wa skuli. Mtihani wa darasa la nane, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulikuwa wa Kiingereza katika kila somo isipokuwa la Kiswahili, na katika insha kila neno lililoendelezwa vibaya lilikuwa na bei yake. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya feri na ya msikitini ni Kiswahili aliyaona maneno hayo ubaoni tu, na nyumbani hapakuwa na kitabu cha kuyaona tena. Jicho lake lingezoea wapi?

Na hao waliotufundisha je, walituandika vipi sisi? Wareno waliandika "Mombaça", na Malindi wakaifanya "Melinde". Waingereza wa karne ya 19 waliandika "Mombassa" yenye s mbili, na Lamu wakaiandika "Lamoo". Padri Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga wakafariki. Kaburi lao liko upande wetu huu, Mkomani. Aliisoma lugha yetu kwa bidii ambayo ni lazima tuiheshimu. Kamusi yake ilipotoka London mwaka 1882 lugha hiyo ilikuwa imeandikwa "Suahili". Alikuwa Mjerumani, akaandika kwa sikio la Kijerumani. Hakuna aliyemzungushia duara nyekundu. Ikaitwa utafiti.

Kijana tulianza naye upya. Jioni baada ya Alasiri, kijiti na karatasi. Nilimtaka alisome kila neno kwa namna mbili: kwanza kama Waingereza wanavyolisema, halafu kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa matamshi yetu wenyewe. Akitaka kuandika Jumatano alijiambia moyoni "wed-nes-dai". Serikali, "go-ver-n-ment", ile n isipotee. Kisiwa, "is-land", na s yake ya uongo. Huu ni utundu tu, lakini mtu aliyezoea kwamba kusoma ni jambo moja na kuandika ni jambo lingine huukubali upesi. Maneno kama "live" na "leave" hayakubali utundu. Hayo yanataka kuzoewa. Baada ya miezi kadhaa kijana alipata kazi katika ghala moja la makontena upande wa Changamwe. Anaandika kilichoingia na kilichotoka. "Received" yake sasa haina kasoro, nimeiona kwa macho yangu. "Leave" bado humponyoka.

Nikirudi kwenye vibao, nilizungumza na fundi mmoja wa Magongo aliyeandika vingi kati ya hivyo nilivyovitaja. Ni mtu mzima, mkono wake ni wa kupendeza, na aliniambia kazi inapungua kwa sababu watu sasa huchapisha mabango kwa mashine. Nilimuuliza kuhusu Kiingereza chake. Hakuona haya hata kidogo. Kwanza, akasema, wanaotaka Kiingereza ni wenye maduka. Yeye angewaandikia Kiswahili, wateja wote wa hapa wanakijua, lakini wenye maduka huona Kiswahili hakileti heshima. Pili, yeye hutoza kwa herufi. Kuna siku alimwonyesha mwenye mkahawa kwamba "Restaurant" iliyo sawasawa ina herufi kumi.

"Nikamwambia, bwana, kuna a na u hapa kati. Akaniuliza, hiyo a inasikika? Nikamwambia hapana. Akasema, basi itoe, mimi siwezi kulipa kitu kisichosikika."

Akaitoa.